Pesa Tisa za Mizani na Senti Nne za Mnazi

Hebu niambie wewe unayesikiliza: mwizi gani huingia nyumba ya mtu mchana, akaipita cherehani ya mkono, akazipita sufuria mbili za shaba na taa ya karabai, akaenda kuchukua pesa ambazo hazinunui hata kiberiti?

Swali hilo Sajini Methusela alikuwa ameliandika kwa kalamu ya risasi juu kabisa ya ukurasa, akalipigia mstari. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne, mwaka 1954, na masika yalikuwa yameishika Tanga sawasawa. Methusela alikuwa mpelelezi asiyevaa sare, Msambaa mrefu, mtu wa maneno machache. Muda wake nao ulikuwa mchache. Tangu Jumanne fundi mmoja wa kuezeka mabati, jina lake Noa, alikuwa amelala mahabusu kwa wizi huo, na kesho saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu. Pale ofisini walikuwa wamekwisha kumkisia miezi sita.

Juu ya meza palikuwa na vitu viwili tu. Pesa moja ya shaba, na kipande cha leso kilichokunjwa.

"Kesi hii imeiva, afande," alisema Koplo Manase, ndiye aliyemkamata Noa. "Mwizi tunaye, kitu tunacho, mwenyewe kakitambua."

Methusela aliichukua ile pesa akaiweka kwenye kiganja. Ilikuwa pesa ya mizani, zile za Unguja za zamani: upande mmoja jina la Sultani kwa Kiarabu, upande wa pili mizani yenye vitanga viwili na mwaka wa Kiislamu, 1299. Katikati ilikuwa imetobolewa, tundu la kupita msumari.

"Mwenyewe alisemaje? Nataka maneno yake, si yako."

Manase alifungua kijitabu chake. "Nilimwonyesha, nikamwuliza, 'Bibi, pesa zako ni hizi?' Akasema, 'Ndiyo mwanangu, zilikuwa za namna hiyo.'"

"Namna hiyo. Na matundu je? Zake zilikuwa na matundu?"

"Hakusema."

"Ulimwuliza?"

Koplo alifunga kijitabu.

Methusela aliigeukia leso. "Hiki ulikikuta wapi?"

"Kitandani kwa bibi. Pesa zilikuwa zimefungwa humo, ndani ya mkoba ulioning'inia kwenye msumari. Mwizi kazimwaga, kitambaa kakiacha."

"Umekikunja wewe?"

"La, afande. Nilikikuta hivi hivi, nikakichukua hivi hivi, kama ulivyotufundisha."

Methusela alikikunjua polepole. Kati ya nguo palikuwa na alama za kijani, duara baada ya duara, shaba ilivyoitia rangi miaka mingi. Alizihesabu kwa ncha ya kalamu: tisa zilizokolea na nne hafifu. Hesabu ilikwenda sawa na taarifa: pesa tisa za mizani na senti nne za Unguja, zile zenye mchoro wa mnazi. Kwenye pembe za leso yalibaki makunyanzi ya fundo la siku nyingi, lakini halikukatwa wala kupasuliwa. Lilifunguliwa. Kisha leso ikakunjwa mara nne, ncha juu ya ncha, ikabanwa kwa kiganja mpaka mikunjo ikanyooka.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Kristofa, karani, kutoka kwenye meza yake ya pembeni. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani, na masikio yake hayakuwahi kufunga kazi.

"Wewe unajua nini tena, Kristofa?"

"Najua kwamba yule bibi kaja tena asubuhi. Hii ya nne sasa."

"Kufuata pesa zake."

"Pesa? Hajaniuliza pesa hata siku moja. Anauliza barua." Kristofa alivua miwani akaifuta. "Siku ile alipokuja kuandikisha, alisema pesa hizo aliachiwa na mumewe, Miraji bin Vuai, mtu wa Jambiani, Unguja. Akasema ni Miraji peke yake anayeweza kuzitambua, basi serikali iwaandikie askari wa kule wamtafute wamwulize. Tangu hapo kila akija ni hilo moja: 'Mwanangu, barua imekwenda?' Ameniletea vitumbua mara mbili."

"Ukavila?"

"Vilikuwa vya moto, afande."

"Na barua imekwenda?"

"Inspekta hakutia sahihi. Kasema mwizi kapatikana, barua ya nini tena."

Methusela aliandika neno moja chini ya swali lake, *barua*, akafunga kitabu, akaenda mahabusu.

*

Noa alikuwa ameketi sakafuni, magoti juu, mikono yake mikubwa ikining'inia. Alikuwa kijana wa milimani kama Sajini mwenyewe, umri wa miaka thelathini hivi.

"Shikamoo, bwana Sajini."

"Marahaba. Pesa hii umeitoa wapi?"

"Nimemwambia Koplo mara tatu. Hiyo si pesa, ni washa."

"Niambie na mimi mara moja."

Noa alijinyoosha, maana sasa aliulizwa kazi yake. "Bati ukilipigilia msumari mtupu, bwana, tundu litavuja. Chini ya kichwa cha msumari unaweka kiduara. Ukiweka cha bati, hapa pwani chumvi inakila, mwaka hauishi. Shaba ya zamani hailiki. Mafundi wote wa Tanga tunanunua kwa Esmailji, kule Usagara. Koplo kaniambia hakuna Mhindi anayeuza pesa kwa ratli."

"Kwa bibi Mwanamkasi unaingia?"

"Nimepanga chumba cha uani, mwaka wa pili huu. Wiki iliyopita nilipanda juu ya paa lake nikaziba tundu. Hakuniomba. Maji yalikuwa yanamdondokea kitandani, na yeye anahamisha tu godoro, leo huku, kesho kule."

"Nani mwingine huingia nyumba ile? Ndugu, mgeni, mchuuzi."

Noa alifikiri. Mtu alikohoa chumba cha pili.

"Sijaona mgeni, bwana. Siku ya Idi anapika pilau sinia zima, anaweka baraza, anangoja. Jua likishuka anatugawia sisi wapangaji. Ukimshukuru, anakuuliza kama ulipita posta."

Methusela aligeuka kuondoka.

"Bwana Sajini," Noa alisema nyuma yake. "Mimi miezi sita nitaikaa, si kitu. Lakini fundi wa mapaa mwenye jina la wizi, nani atamruhusu apande juu ya nyumba yake?"

*

Duka la Esmailji lilinuka mafuta ya kitani na kamba za katani. Misumari ilikaa kwenye masanduku ya chai, bawaba zimetundikwa kama samaki wa kukaushwa. Mwenyewe, Mhindi mzee wa Kibohora mwenye kofia nyeupe ya ukingo wa dhahabu, alizaliwa Tanga hapo hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyecheza gololi mitaani.

"Sajini, umekuja kununua au kunitisha?"

"Kuuliza."

"Kuuliza bure. Kaa."

Methusela aliiweka ile pesa juu ya meza. Esmailji hakuigusa, akacheka kwa pua.

"Hiyo nimeitoboa mimi. Njoo huku nyuma."

Nyuma, chini ya ngazi, yalikuwapo magunia mawili yaliyojaa na la tatu limefika nusu. Esmailji alitia mkono, akautoa umejaa pesa za mizani, zingine nyekundu, zingine zimepata ukungu wa kijani.

"Mwaka ule rupia ilipoondolewa Unguja, baba yangu alivuka akazinunua kwa uzito. Alisema shaba itapanda bei. Haikupanda. Baba kafa, magunia yamebaki, mama alikuwa akiyaita mke wa pili."

"Unatoboaje?"

Mzee aliweka pesa juu ya kipande cha reli, akasimamisha tindo, akapiga nyundo mara moja. Methusela aliichukua ikiwa bado na joto, akaisogeza mlangoni penye mwanga. Tundu halikuwa duara kamili. Upande mmoja lilikuwa na kijipembe, kama jino lililomeguka.

"Nipe tindo."

Ncha ya tindo ilikuwa imemeguka upande mmoja.

"Lini ilimeguka?"

"Siku nyingi. Kabla ya Ramadhani ya juzi. Nikinoa, inafupika, basi naiacha. Msumari haujali."

Methusela alichambua pesa thelathini zilizokwisha kutobolewa, akaziinua moja moja mwangani. Zote thelathini zilikuwa na kijipembe kile kile. Kisha akainua ile ya Noa. Kijipembe hicho hapo, kimeelekea kitanga cha kushoto cha mizani.

"Mwezi huu kuna mtu amekuletea pesa za namna hii?"

"Nani alete? Masonara wenyewe hawazitaki."

"Senti za mnazi?"

"Hizo sijaziona tangu nioe."

"Niazime kumi zisizotobolewa. Nitazirudisha kesho."

"Chukua," alisema Esmailji. "Ila usinywee chai, watakurudishia usoni."

Basi mpaka hapo Methusela alikuwa na nusu ya kazi. Pesa ya Noa haikutoka kwa bibi. Lakini Inspekta hangemwachia mtu kwa nusu ya kazi. Angesema hii ni ya Esmailji, sawa, na zile kumi na tatu je, kazificha wapi? Alipanda baiskeli yake, akaelekea Nguvumali, mvua ikimpiga mgongoni.

*

Nyumba ya Mwanamkasi ilikuwa ya udongo iliyopakwa chokaa, imefagiliwa mpaka uchochoroni. Barazani palitandikwa mkeka mmoja. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kajitanda leso zilizofuliwa mpaka maua yake yamechoka. Alisimama mlangoni kabla Sajini hajapiga hodi. Inaelekea alikuwa amesimama hapo tangu zamani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingia usilowe. Imejibiwa?"

Methusela alivua viatu, akaketi mkekani, akatoa bahasha akamimina pesa kumi za mizani mbele yake. Ziligongana, zikatulia.

"Nimezipata hizi, mama. Tazama zako ni zipi."

Mwanamkasi alizitupia jicho moja, kama mtu anavyotazama nguo za jirani kwenye kamba.

"Si zangu."

"Hujazishika."

"Si zangu, mwanangu."

"Hujazigeuza hata upande wa pili. Zako umekaa nazo miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Mtu aliyepotelewa na kuku, mama, huchungulia kila tenga la sokoni. Hata akijua si wake, atachungulia. Wewe umejuaje mara moja kwamba zako hazimo?"

Mvua iliongezeka juu ya bati. Paa halikuvuja.

Methusela alitoa ile leso mfukoni, akaikung'uta, akampa ikiwa imevurugika. "Nishikie hii, niandike."

Akainama juu ya kitabu chake, wala hakuandika kitu. Mikono ya Mwanamkasi ikafanya kazi yake yenyewe: ikatafuta ncha, ikaziweka moja juu ya nyingine, ikakunja, ikakunja tena mpaka mara nne, kisha kiganja kikapita juu yake kunyoosha. Hivyo ndivyo alivyofunzwa kukunja leso tangu hajavunja ungo, na mkono uliofunzwa hauulizi ruhusa. Alipomaliza aliona Sajini anamtazama. Akaitazama leso mapajani mwake. Kiganja kilibaki pale pale juu yake.

"Koplo aliikuta imekunjwa hivyo," alisema Methusela. "Mwizi ana haraka, mama. Hakunji nguo ya mwenziwe."

"Koplo wako ana macho."

"Hana. Ila hakuikunjua, na hilo limetusaidia." Aliiweka pesa iliyotobolewa kando ya zile kumi. "Na hii aliyokuonyesha, unajua aliitoa wapi?"

"Sikujua. Aliniuliza kama ni hizi, nikasema zilikuwa za namna hiyo. Sikusema uongo."

"Aliitoa kwenye mfuko wa vyombo vya Noa."

"Noa yupi?"

"Wa uani kwako."

Mwanamkasi aligeuza kichwa kuelekea uani, kwenye mlango uliofungwa. "Noa kaenda Muheza. Huenda Muheza kuezeka, hukaa siku tatu, nne."

"Noa yuko mahabusu tangu Jumanne. Walimkamata kazini. Kesho saa tatu anasimama kwa hakimu, na faili linasema ameingia chumbani kwako akaiba."

Sasa nisikilize hapa, maana mwanamke mwingine angelia, au angekana, au angesema kichwa kinamwuma. Mwanamkasi aliinuka bila kushika ukuta, akaingia ndani. Sajini alisikia kifuniko cha mkebe kinafunguliwa, na kitu kinachimbuliwa ndani ya unga. Alirudi mikono yake ni myeupe mpaka vifundoni, akaziweka mkekani moja moja, akizipangusa kwa ncha ya leso: pesa tisa za mizani, na senti nne za mnazi, zimesagika mpaka makuti ya mnazi hayaonekani.

"Chukua. Mfungulie mtoto wa watu. Nani anampelekea chakula?"

"Hakuna."

"Kalala njaa siku tatu, na mimi namwekea wali wake kwenye kawa." Alikaa. "Nivae baibui twende?"

"Twende wapi?"

"Kuniweka mimi pale alipokuwa yeye. Nimewadanganya askari. Najua hilo lina jina lake."

"Lina jina," alisema Methusela. Aliandika: *Mali imepatikana nyumbani kwa mlalamikaji, ndani ya mkebe wa unga. Mwenyewe ameitoa. Hakuna wizi.* Akaandika saa. Akamsomea, akamwuliza kama ndivyo; bibi akasema ndivyo, akatia kidole gumba kwenye wino. "Taarifa hii itamtoa Noa leo leo, kabla ofisi haijafungwa. La kwako nitamweleza Inspekta mwenyewe. Lakini ataniuliza kwa nini, na sina jibu. Mama, mtu hujiibia ili apate nini?"

"Aliyeniachia ni mume wangu."

"Hilo liko kwenye faili."

"Mwaka rupia zilipoondolewa kwao, alichukua mfuko wake wa fedha akaenda kubadilisha. Akasema hizi za shaba hazina wa kuzipokea, nikae nazo, ni amana, akirudi azikute. Nimemwandikia barua kumi na moja. Pale nje ya posta mwandishi wa barua ananijua kwa kikohozi. Haikurudi hata moja, wala ya kunitukana."

"Ndiyo maana ukaitaka barua ya serikali."

"Barua ya mwanamke mtu huiweka chini ya godoro. Barua ya serikali hujibiwa. Hata aliyekufa, watu wake watamjibia."

"Kwa hiyo unataka arudi."

Mwanamkasi alimtazama kwa mara ya kwanza kama anavyotazamwa mtoto. "Arudi afanye nini? Ana miaka sabini sasa. Nimpikie uji?"

"Basi unataka matumizi yako ya miaka hiyo."

"Ungekuwa Mwislamu usingeniuliza maswali ya sokoni. Nilikwenda kwa kadhi. Kadhi akasema lete habari ya kweli, yu hai au kafa, siwezi kumzika mtu kwa mdomo. Nina nyumba, nina wapangaji, sili cha mtu. Lakini nikialikwa arusini sijui nikae na wake wa watu au na wajane. Wanawake wananiona naja wanaacha kuzungumza, hawajui wanipe pole au wanipe hongera. Sasa hawanialiki."

Methusela alishusha kalamu. "Mimi ni Mlutheri wa milimani, mama. Nieleze kwa lugha ya kuandika. Barua ile ilikuwa imwulize nini Miraji?"

Mvua ilikuwa imepungua. Alikusanya pesa zake kumi na tatu, akazirudisha katikati ya leso, akafunga fundo, akamsogezea Sajini pamoja na zile za Esmailji. Kisha akasema bila kuinua sauti, akikaa sawa mkekani, kama mtu anayesema mbele ya kadhi.

"Nilitaka askari apige hodi mlangoni kwake, amwite kwa jina la baba yake. Akimkuta hai, amwambie anipe talaka yangu kwa maandishi, mstari mmoja unatosha. Akiambiwa kafa, aulize kafa siku gani. Nivae nyeupe, nikae eda yangu miezi minne na siku kumi, mlango uwe wazi, watu waingie, wanipe mkono, waniambie pole Mwanamkasi. Miaka kumi na minane mimi si mke, si mjane, si mtalaka. Sikutaka pesa, mwanangu, wala sikumtaka yeye. Nilitaka niambiwe nikae au niinuke."